Daftari la Gwenllian
Chubut, Patagonia, 1871

Ng'ombe ana jina: Seren.
Upepo ulioezua paa una tarehe na saa.
Hesabu ya unga haikosi hata kibaba.
Lakini aliyeleta paja la guanako
akaondoka na mikate miwili kifuani
ni "yule mama wa mahemani".

Aprili: "Kaja tena. Ananuka moshi."
(Na wewe, Gwenllian, ulinukia nini?)

Juni, wino umechuruzika:
"Mtoto kazaliwa. Aliyekata kitovu ni yeye."
Yeye.

Nyuma kabisa, kwa penseli,
maneno matatu ya Watewelche:
la kwanza, maji;
la pili, moto;
la tatu kaliandika mara saba,
kila mara kwa herufi nyingine,
kama anayejifunza kuita,
na mbele yake hakuweka maana.