Bahasha Mbili

Dirisha namba tatu, benki ya Vanadzor,
mimi ndiye mwenye muhuri.
Tarehe kumi ya mwezi namjua kabla sijamwona:
namna anavyokung'uta theluji mlangoni,
mara tatu kiatu cha kushoto, mara moja cha kulia,
maana goti la kulia halimtii tena.

Bibi Shushanik hachukui namba.
Foleni humpisha, na hilo halipendi.
"Mnanipisha kama jeneza," aliwaambia siku moja.
Wakacheka kidogo, wakatazama sakafu.

Mwanzoni palikuwa na fomu.
Jina la marehemu: Tatul.
Mahali alipofia: mlima
ambao tangu hapo umebadilishwa jina.
Uhusiano na marehemu.
Aliandika *mama*, akaisimamisha kalamu,
akaniuliza kama kisanduku kile kinatosha watu wawili.
Nikamjibu, sheria inataka cheti.
Araksi hakuwa na cheti. Alikuwa na pete,
na gauni lililobaki kwa fundi bila mikono,
na siku waliyokubaliana:
Jumamosi ya pili baada ya kuvuna viazi.
Sheria haisomi pete.

Basi kila mwezi hupokea fedha,
huzihesabu mbele yangu, si kwa kuniona mwizi,
ila kama mtu anayepapasa kitanda gizani,
kisha huomba bahasha mbili.
Noti hii huku, noti ile kule.
Noti ya mwisho ikikosa mwenzake
huniambia niivunje.

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema.
Hawakusema mkono uliojaa namna hii
una ladha gani.

Mwaka mzima fungu lake hakuligusa.
Mvua ya Aprili ikapenya juu ya kitanda cha Tatul,
ndipo akanunua mabati.
"Amenijengea paa," alisema,
"na mimi nilikuwa nimemnunulia soksi."
Sikujua la kujibu. Nikagonga muhuri
mahali palipokwisha gongwa.

Mwaka wa tatu Araksi akaolewa na seremala wa Spitak.
Mji ulisema uliyoyasema.
Tarehe kumi nikaandaa bahasha moja,
nikajiona mwenye busara.
Akaitazama kama sahani pungufu mezani.
"Ya pili iko wapi?"
Nikainama hadi kwenye kioo: mama, binti ameshaolewa.
"Najua. Nilikuwa harusini. Nyama ilikuwa ngumu."
Akanyoosha kiganja.
"Kwani Tatul naye ameacha kufa?"

Nikatoa bahasha ya pili.

Sijawahi kumwambia habari za Hamo, ndugu yangu,
aliyepanda mlima uleule na akashuka.
Usiku husimama dirishani kuhesabu taa za mtaa;
moja ikizimika hutuamsha sote.
Mlango ukibamizwa, hujikuta chini ya meza,
halafu huona haya, husema anatafuta kijiko.
Nimefungua makabati yote ya benki hii.
Kuna fomu ya kufa, kuna fomu ya kupoteza mguu,
na kiasi cha kila kidole kimeandikwa.
Fomu ya kurudi haipo.

Lakini mji mdogo hauna siri, una adabu tu.
Mwezi huu, baada ya noti ya mwisho,
Bibi Shushanik hakuondoka.
Alitoa mkobani chupa ya jamu ya jozi,
nyeusi, nzito, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa.
"Ya Hamo," alisema. "Anakula?"
"Anakula kidogo."
Akaisukuma chini ya kioo. Haikupita.
Akailaza. Haikupita.
Upenyo ule ulipimwa kwa karatasi.

Foleni ilikuwa hadi nje, kwenye theluji.
Mlango wa pembeni ni marufuku kuufungua saa za kazi;
tangazo lake nililibandika mwenyewe.
Nikaweka muhuri mezani,
nikatafuta ufunguo.