Dole Gumba

Ijumaa, saa kumi na robo. Hati namba arobaini na moja
imenifikia imebanwa kwa pini yenye kutu,
inanuka moshi na vumbi la Seme.
Marejesho ya masurufu, Mradi wa Kayongo:
gugu lile la maua ya zambarau
linalofyonza mtama chini kwa chini, mzizi kwa mzizi,
na juu limesimama linapendeza.

Mimi si mtafiti. Mimi ni mhuri.
Kati ya fedha za mfadhili na shamba
nimewekwa mimi, na meza, na chai iliyopoa,
na kijitabu cha kanuni, kurasa tisini na sita,
kilichoandikwa na watu wasiojua
kwamba kule Seme mwenye bodaboda hana risiti,
ana kofia na haraka.

Petroli lita arobaini, pikipiki moja, siku moja:
nilicheka, nikakata.
Chai na mandazi, watu kumi na wawili: sawa,
ingawa mwenye hoteli kaandika "mandasi"
na jumla imezidi kwa shilingi tano.
Kamba, vigingi, mifuko ya karatasi. Sawa. Sawa.

Kisha orodha ya vibarua.
Rusalia Aduwo, kuhesabu kayongo, mia tano, dole.
Wiki ya pili, Rusalia Aduwo, mia tano, dole.
Ya tatu. Ya nne. Dole pana,
kovu la mundu limeikata mistari yake katikati.
Wiki ya tano, Rusalia Aduwo, mia tano,
na dole dogo,
laini, mistari yote imetimia,
limekandamizwa mpaka wino ukavuja.

Nikapiga simu. Ochola, msaidizi wa shambani, hakukana.
"Mama tulimzika Jumamosi ya wiki ile ya nne.
Jumatatu nafika na karatasi zangu,
namkuta Ajwang', mjukuu, gredi ya sita, shule zimefungwa,
yuko mstari wa kumi na nne na mkebe wa nyanyake,
kila gugu, haragwe moja ndani ya mkebe: ta. Ta.
Hakutumwa na mtu. Ningemwambia nini?
Nikamlipa. Jina lake halikuwamo kwenye orodha."

Kanuni sina haja ya kuifungua.
Marehemu hapokei posho. Mtoto haajiriwi.
Ukurasa wa ishirini na tisa, ukurasa wa thelathini,
vimelala mgongo kwa mgongo.
Na Bi. Chepkwony wa ukaguzi anakuja Jumanne,
ana miwani miwili, na huruma yake haina kasma.

Lakini ninalo jedwali la Dk. Mulama kwenye kompyuta,
nalilinganisha na siku za kazi.
Wiki ya tano. Watu wazima wamekadiria:
mia, mia mbili, mia na hamsini,
sufuri zimejipanga kama viti vya harusi.
Mstari wa kumi na nne: mia mbili na tatu.
Wa kumi na tano: mia na themanini na saba.
Wa kumi na sita: tisini na moja.
Hizi zimepokelewa. Hakuna aliyezikataa.
Grafu itachorwa, itapanda ndege.

Nimeandika kwa wino mwekundu: HAIKUBALIKI.
Mia tano irejeshwe na msaidizi wa shambani.
Mhuri ukagonga meza kama kila siku,
nami sikujipenda, na sikukosea.

Kisha, pambizoni, pasipo mamlaka yoyote ya kalamu yangu:
"Dk. Mulama. Takwimu za wiki ya tano,
mistari mitatu, ni za mtoto aitwaye Ajwang'.
Ama jina liandikwe, ama mistari ifutwe.
Hatuwezi kumkataa kwenye fedha
tukamkubali kwenye hesabu."

Jumatatu saa mbili jibu lilikuwa mezani, maneno manne:
"Mistari ibaki. Jina, tutaona."

Hati namba arobaini na mbili ni ya betri za tochi.
Sita. Risiti ipo.