Yupo

Januari tuliamshwa na kipande cha reli
kilichofungwa kwa waya kwenye mwarobaini,
saa kumi na moja kasoro, Tanga nzima imelala chali.
Nilikuwa kidato cha nne. Nikapewa daftari:
kiranja wa stoo, Bweni la Mkonge.
Nikaandika kwa wino: vitanda arobaini,
magodoro thelathini na nane,
ndoo kumi na moja, moja haina mkono,
madirisha sita, vioo vinne.
Wavulana arobaini.
Hesabu ilipogoma, njuka wanne
wakalala mzungu wa nne.

Shekiondo wa Bumbuli akaangukia
miguu ya Mwachiro, Mdigo wa Moa.
Alikuja na blanketi zito la mlimani,
akajifunika, akatoka jasho, akacheka:
"Tanga yenu hii ni sufuria, na mmefunika."

Februari bomba likakohoa kutu, likanyamaza.
Machi mvua. Bati lilipigwa
mpaka anayesali na anayetukana wakawa sauti moja.
Tulihamisha vitanda usiku kucha kukwepa matone,
asubuhi hakuna aliyeamka alipolala.
Mashati kwenye kamba za mkonge
yalinuka kama mbwa.
Maharage yalikuwa na wadudu. Tukazima karabai, tukala.

Mwezi wa mfungo, aliyegonga reli ya daku
alikuwa Mhina, mtoto wa katekista.
Alisema tukilala na njaa tunamkoromea.
Hatukumwamini. Aliipenda tu ile reli.

Juni tukafunga shule. Shekiondo akaliacha blanketi:
"Kwetu hata mbuzi ana lake. Nitalikuta."

Julai machungwa ya Muheza yakashuka kwa magunia,
bweni zima likanuka maganda.
Shekiondo hakushuka.
Wiki ya pili ikaja barua, imekunjwa kama hirizi:
kiwanda hakijawalipa wakulima chai yao,
baba anasema tusubiri msimu,
Mwachiro, usilikojolee blanketi langu.

Mwalimu Semkiwa, patroni, aliita majina usiku
kwa tochi yenye betri zilizoanikwa juani.
"Shekiondo."
Mbu tu.
"Shekiondo!"
Ndipo gizani, sijui nani, kwa sauti ya kuazima:
"Yupo."

Tochi ikatembea. Ikafika kwenye godoro
ambalo sasa Mwachiro alikuwa nalo peke yake,
naye amejibana ukingoni vilevile,
mzungu wa nne na blanketi lililoviringishwa.
Mwalimu akatazama kwa muda
ambao mtu angehesabu mpaka kumi.
Akaweka vema.

Ikawa desturi. Agosti aliitikia mwenye kigugumizi,
Septemba njuka ambaye sauti ilikuwa inavunjika,
kwa hiyo Shekiondo alibalehe kwetu, hayupo.
Sahani yake tuliigawana. Sitasema uongo:
siku za wali tulimwitikia upesi zaidi.
Tulisokota kamba, tukauza Ngamiani,
tukapata nusu ya ada ya muhula,
na mtu mmoja akachota humo hela ya soda.
Nilikuwa na kiu.
Iliyobaki tuliituma kwa basi.
Hatukusikia kitu.

Oktoba tulipiga msuli miguu ikiwa ndani ya ndoo za maji
ili usingizi uanze kulowa kwanza.
Novemba mtihani, halafu kimya cha ajabu,
watu wazima wa siku moja
wakitafuta soksi chini ya vitanda.

Siku ya kukabidhi nilihesabu na Kaniki wa kidato cha tatu:
vitanda arobaini, magodoro thelathini na saba,
ndoo tisa, ile isiyo na mkono bado ipo,
vioo vitatu.
"Na hili?"
Si mali ya shule. Si la Mwachiro, aliyesimama pale
akijifanya anafunga kamba za viatu.
"Niliweke kwenye safu ipi?"
Wino ulikuwepo, kalamu ilikuwepo.
Nikaomba penseli.