Mpira wa Senti Arobaini

Kipenda roho hula nyama mbichi, wamesema.
Roho yangu mimi hula mabua.
Mabua ya rai, nafaka ndefu, binamu wa ngano:
nayakata Agosti kabla trekta la Vaitiekus halijayasaga,
nayalaza gerejini juu ya gari bovu,
na Desemba, jua linapochoka saa kumi kasoro,
nayaroweka kwenye beseni la kuogea,
nachukua sindano na uzi wa kitani.

Mabua kumi na mawili:
piramidi mbili zilizogandana tako kwa tako.
Hiyo moja. Kisha ndogo. Kisha ndogo ya ndogo,
zikining'inia darini, bustani ya hewa.
Mababu waliitundika usiku mrefu kupita yote,
kabla misalaba haijavuka mito yetu,
ili jua lione njia ya kurudi.
Dada yangu Elvyra husema: jua lina kalenda,
halihitaji mabua yako.
Kweli.
Ninayeyahitaji ni mimi.

Juni ni mashada ya mwaloni, na kangaga
zinazonipaka kijani hadi viwikoni.
Machi, mayai na nta ya nyuki;
nimeunguza vidole vitatu
na sufuria moja ya marehemu mama.

Halafu kuna Kastytis Vembrė.
Cheka ukitaka.
Miaka hamsini na mbili, msoma mita za maji,
na bado ninayo kanda yake ya kwanza,
ile aliyoirekodi jikoni;
dakika ya nne mtu anasikika akifunga friji.
Naipenda hata hiyo friji.
Anapoilaza kankle mapajani na kuugusa uzi ule mnene,
sauti haiji masikioni. Inapita sakafuni,
inapanda ukutani,
na mabua yangu kule juu yanaanza kuzunguka
polepole,
kama watu walioitwa wasijue na nani.

Novemba iliyopita, kwenye orodha ya kazi:
nyumba mpya, kando ya ziwa Rubikiai.
Nabisha hodi. Mlango unafunguka.
Yeye.
Soksi ya kushoto ina tundu.
"Mita iko chini," akasema, "na taa imeungua."
Akashuka nami, akanishikia tochi.

Miaka ishirini na sita nimeyapanga maneno ya siku hiyo,
nimeyasugua kama sarafu.
Nikapiga magoti kwenye saruji yenye unyevu,
nikasoma: sifuri, nne, moja, saba.
Nikasema: "Bomba linavuja hapa. Badilisha mpira."
Akasema: "Ahaa."
Na mwanga ukacheza ukutani, ukacheza tena,
maana mkono ule,
mkono wa uzi mnene,
ulikuwa ukitetemeka wenyewe.
Sikuutazama mara ya pili.

Kesho yake nilirudi na mpira wa senti arobaini.
Hakuwapo; mkewe alinifungulia.
Nikakaza, nikapangusa, sikuandika risiti.
Kwenye kitasa cha ghala la chini nikaacha
piramidi mbili, tako kwa tako.

Usiku mrefu ulipofika nikaweka kanda ya jikoni.
Friji ikafungwa. Mabua yakazunguka.
Elvyra, mdomo umejaa keki ya asali, akaniuliza:
"Wewe, unatabasamu nini?"
"Bomba," nikamwambia.
"Bomba halivuji tena."