Kinachopenya

Nilijifungia kabatini, pale Kisauni,
mabuibui ya mama yakinigusa masikio.
Feni nimezima. Jasho latiririka hadi kwenye simu.
"Kidato cha pili, karibuni. Leo, osmosisi."

Mara ya kwanza, jogoo wa Bi Zulekha.
Mara ya pili, ulimi wangu mwenyewe
ulijikwaa kwenye "utando".
Mara ya tatu nilikwishafika kwenye embe bichi,
chumvi inavyolitoa machozi,
nikauliza kama ninavyouliza darasani,
kisha nikanyamaza kidogo:
"Basi, kinachopenya ni nini?"

Nje, Nyiro na mkokoteni wake wa madumu:
"Majiiii!"

Nilicheka hadi viango vikagongana.
Kidole kikasimama juu ya alama ya mkasi.
Sikukata.

Usiku wa manane kipindi kilipanda mtandaoni,
asilimia moja moja,
kama mtu aliyebeba gunia ngazini.
Kulipokucha, wasikilizaji watatu.
Mmoja ni mimi.

Alhamisi niliuliza tena, darasani.
Kimya.
Mbeyu wa dawati la nyuma,
ambaye tangu Januari sijaijua sauti yake,
akainuka, akavuta pumzi
kama mtu anayesukuma madumu ishirini.