Mlima wa Tatu

Mashine haina pua.
Hunywa tone dogo kuliko chozi la sisimizi,
hulipasha moto, hulipuliza ndani ya uzi wa kioo
uliojiviringa mita thelathini kama utumbo,
kisha hungoja mwisho wa uzi
ione nani atatoka kwanza.

Mimi husoma milima inayoichora.

Wa kwanza mfupi: paineni, gome la msonobari lililokwaruzwa.
Wa pili mnene kidogo: sineoli,
ndugu wa mkaratusi, mfungua vifua.
Wa tatu, karatasi nusura imwishie,
thujoni.
Nyuma yake kafuri, anakuja polepole
kama ajuaye kwamba sote tutaonana naye
kwenye pamba, kwenye sanda.

"Asilimia ngapi?" Bujar aliuliza kwa simu.
Thelathini na nane, nikamwambia.
Alicheka hadi sikio likaniwasha.
Wanunuzi wa Hamburg, alisema, watalamba vidole.
Jioni hiyo akamwongezea Rukije leki kumi kwa kilo.

Rukije sikumjua. Nililijua gunia lake:
nambari kumi na saba, kamba ya buluu,
seji ya mwitu kutoka mawe ya Veleçik,
mashina yamekatwa kwa mundu, hayakung'olewa,
ili mwakani mlima usimnunie.

Halafu simu ya saa nane usiku, daktari wa Shkodra:
"Ndani ya kumi na saba mna nini?"

Kikohozi cha mjukuu kilikuwa na siku nne.
Mama yake Rukije alichemsha majani,
na mama wa mama yake,
vikombe havihesabiki, na hakuna aliyeanguka.
Sasa palikuwa na kichupa, zawadi ya Bujar:
"Ni majani yako yale yale, mama."
Ni kweli. Yale yale.
Ila kijiko kimoja cha chai
ni mto mzima wa kulalia, umejaa majani, umekamuliwa.
Nani amewahi kumnywesha mtoto mto?

Macho ya Ardit yalipanda juu yasishuke.
Meno yakafunga.
Visigino vikagonga sakafu
kama mtu aliyefungiwa nje kwenye theluji.

Nilimsomea daktari karatasi, mlima kwa mlima.
Wa tatu alinikatiza. "Basi," akasema,
akaiacha simu wazi mezani,
nikasikia magurudumu, mkasi, jina likiitwa,
likiitwa tena.

Alfajiri mtoto aliomba mkate na jibini.
Muuguzi alisema kinywa chake kilinukia mlima.

Siku ya tatu Rukije alikuja maabara,
kichupa kwenye leso, leso kifuani.
Hakuketi.
"Nionyeshe aliyefanya."
Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya kilele,
kucha nyeusi kwa utomvu ambao sabuni haiutoi.
"Ndiye huyu Bujar aliyenilipia?"
Ndiye.
"Na afunguaye kifua?"
Nikasogeza kidole chake kushoto.
Aliangalia kwa muda mrefu.
"Mfupi hivi," alisema,
kana kwamba nimemwonyesha picha ya mumewe utotoni.

Nilitaka kumweleza kiasi, uzito wa mwili, ini, mishipa.
Nilikuwa na maneno mengi, yote safi.
Yeye alikunja karatasi mara nne
akaniachia kichupa.
Kiko hapa, nimekifunga uzi mwekundu shingoni.
Sijui ninamwonya nani.

Juni gunia nambari kumi na saba lilirudi,
kamba ile ile. Bei ile ile:
Hamburg haikusikia kitu.
Juu ya majani palikuwa na furushi dogo la gazeti,
na kwa kalamu ya risasi: *ya chai, siyo ya mashine.*

Nilichemsha majani matatu.
Nilipima maji kwa silinda ya maabara,
nikajiona mjinga, nikamwaga,
nikapima upya kwa jicho.