Hakufika Mbili

Nililibonyeza godoro kwa dole gumba
pale Mwanjelwa, kijana muuzaji akinitazama,
nikahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne,
na shimo la dole bado lipo,
limekaa, kama mgeni aliyemaliza chai akaulizia ugali.
Nikamwambia, hii haifai.
Mama, hii hai densiti, utailalia miaka kumi.
Sitafuti ya kulalia, nikasema.
Natafuta ya kubebea.

Tusubilege hubeba kisanduku cha chanjo
kutoka Isyonje kupanda kule
ukungu unakoshinda hadi saa tano.
Barafu ndani, vichupa ndani, daftari, mwavuli,
na viazi anavyopewa njiani asivyojua kuvikataa.
Begi la ofisi lilianza vizuri.
Masika moja tu
sponji ikawa chapati ya juzi,
mkanda ukawa kamba,
kamba ikawa kisu.
Jumapili alipokuwa anaoga nikaona:
mistari miwili myekundu,
wa kushoto umezama zaidi.
Sikusema kitu. Nilikwenda kulifunua cherehani.

Basi nikawa mtu wa kubonyeza.
Nikabonyeza kiti cha Hiace gereji kwa Ambokile:
laini, lakini ukikisugua kinamwaga unga wa njano,
kimekufa na bado kinakaliwa.
Nikabonyeza ile nyeupe ya kufungia televisheni:
ikalia kriii, ikavunjika, ikaruka,
hadi leo naifagia chini ya kitanda.
Nikabonyeza ya kuoshea vyombo. Nilikuwa nimechoka.
Vipande vingine nikaviloweka usiku kucha,
maana mvua ya huku haiulizi mwezi,
na sponji inayokunywa maji
humbebesha mtu mvua mara mbili:
kichwani, kisha begani.

Kumbe jibu lilikuwa mlangoni.
Ndala za baba yake,
bluu, namba kumi,
zimekaa pale pale alipozivulia
asubuhi alipovaa buti za kwenda Chunya kwenye dhahabu.
Wiki mbili, alisema.
Mwaka wa saba huu nazifagilia pembeni,
nafagia, nazirudisha.

Nikazibonyeza. Dole likaingia kidogo, likasukumwa nje.
Nikasimama juu yake kwa kisigino, mwili wote,
na mwili wangu si wa jana.
Nikashuka.
Zikarudi.
Nikaziloweka: hazikunywa hata tone.
Nikakaa nazo mapajani mpaka uji ukaungua.

Mkasi ulikataa, nikachukua kisu cha viazi.
Ile mikanda yake ya kuvalia nikaitupa jikoni, ikanuka nyumba nzima.
Matundu matatu kila upande
nikayaziba kwa vipande vyake vyenyewe.
Ya kulia bega la kulia,
ya kushoto, iliyolika kisigino kwa mwendo wake wa kuburura,
nikaigeuza juu chini,
nene ije pale mwanangu anapoumia.
Urefu ukapungua vidole vinne, nikaunga.
Lakini ndala tupu ni kavu, haina upole.
Nikarudi Mwanjelwa kwa yule kijana
nikanunua mabaki ya godoro kwa elfu mbili.
Leo za kubebea? akaniuliza.
Leo za kugusa ngozi, nikamjibu.
Ngumu nje ishike mzigo,
laini ndani, nyembamba, ya kubembeleza tu.
Turubai juu, uzi wa nailoni, mshono mara tatu.

Tumelijaribu kwa sukari kilo nne na matofali mawili.
Akaenda hadi kwenye tenki, akarudi,
akaenda tena bila kutumwa.
Bega la kushoto? nikauliza.
Akalizungusha, akalitafuta lile umivu, hakulipata.
Mama, hii sponji umeitoa wapi?

Mwanjelwa, nikasema.

Akatazama mlangoni, pale penye alama mbili safi sakafuni.
Hakusema kitu.
Akaushika mkanda, akabonyeza kwa dole gumba, kama mimi,
midomo ikihesabu.

Hakufika mbili.